Mali ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji

Miongoni mwa masuala yaliyozungumzwa katika darsa yetu mwaka huu, hapana lililotugawanya kama hili: Je, yafaa chama kinachotetea haki za wanyonge kipokee mali kutoka nchi za kigeni? Na je, yafaa mtu aliyedhulumiwa na serikali apeleke malalamiko yake mbele ya mahkama ya watu wengine, ng'ambo ya bahari? Wako wasemao kuwa hiyo ni khiyana kwa nchi. Wako wasemao kuwa mwenye kuzama hachagui mkono wa kumwokoa. Kila upande una watu wenye elimu na ikhlasi, na kila upande una hoja zisizofaa kudharauliwa. Ndipo tukaona yatupasa kuyaandika haya, si kwa kutaka kumshinda mtu, bali ili jambo lipimwe kwa mizani wala lisipimwe kwa hasira.

Twaanza na kisa, kwa sababu suala hili halikutujia kutoka vitabuni. Mama mmoja mjane wa mtaani petu alikuja msikitini baada ya sala ya Ijumaa, akasimama mlangoni akilia. Mwanawe, kijana wa miaka 22, alikuwa amechukuliwa alfajiri na watu wenye silaha, na kila kituo alichokwenda kuuliza aliambiwa hayumo. Alitaka wakili, na wakili alitaka shilingi 150,000. Sisi tukatandaza kitambaa mlangoni Ijumaa mbili mfululizo, tukapata shilingi 11,300. Wala hatutaki kuficha: mwezi uliotangulia, msikiti huo huo ulichangisha zulia jipya, na katika Ijumaa mbili zilipatikana zaidi ya shilingi 400,000.

Mama yule hakungoja Ijumaa ya tatu. Alikwenda kwa chama kimoja cha kutetea haki za binadamu, nacho kikampa wakili bila ya kumtoza hata senti. Wakili akaingia Mahkama Kuu, akaomba kijana aletwe mbele ya hakimu akiwa hai au akiwa maiti. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 yasema kwamba aliyekamatwa afikishwe mahkamani katika muda wa saa 24. Kijana huyu aliletwa siku ya ishirini na moja. Hakuonekana na kosa la kushitakiwa, akarudi kwao.

Furaha ile haikumaliza wiki katika darsa yetu. Mzee wetu mmoja, mtu mchaji asiyesema neno kwa ubishi, aliuliza ujira wa wakili yule ulitoka wapi. Ikajulikana kuwa umetoka katika shirika moja la Ulaya linalotoa mali kwa ajili ya kazi kama hizi. Basi maneno yakawa mengi. Huyu asema mali ile ina sumu ndani yake, huyu asema sumu ni dhulma yenyewe. Khabari ya mabishano hayo ikamfikia mama, naye akatuletea jawabu kwa ulimi wa mwanawe: "Waambie masheikh, nyumba yangu ilikuwa yawaka moto, wao wauliza maji yalitoka kisima cha nani."

Lau kisa kingalikomea hapo, makala haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa, kwani jawabu lile latosha. Lakini baada ya miezi mitatu chama kilimwendea tena mama yule. Wale waliotoa mali walitaka taarifa ya mwaka, na katika taarifa walitaka picha yake na hadithi ya mwanawe. Mama hakupenda. Ni mwanamke wa kujisitiri, na mwanawe alikuwa akitafuta kazi, hakutaka jina lake lijulikane kuwa liliwahi kutajwa pamoja na mambo yale. Illa aliona haya kuwakatalia watu waliomrudishia mtoto. Akakubali, akapigwa picha, na hadi leo akitajiwa picha ile huinamisha uso.

Hapo ndipo tulipotambua kuwa suala letu halikuwa limeulizwa vizuri. Sisi tuliuliza mali imetoka wapi. Ilikuwa yatupasa tuulize pia: mali imemfanya nini aliyeipokea?

Kabla ya kufika huko, insafu yataka tuzitaje hoja za wanaokataza, tena tuzitaje kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni nia ya mtoaji. Wasema kuwa dola kubwa hazitoi mali bure. Zatoa mahali penye maslahi yazo, na penye maslahi mengine zanyamaza. Na ushahidi wao si mdogo. Mwezi wa Septemba 2025 serikali ya Marekani iliviwekea vikwazo vyama vitatu vya Kifilastini, navyo ni Al-Haq, Al Mezan na Kituo cha Kifilastini cha Haki za Binadamu, kwa sababu vilishiriki katika kazi ya Mahkama ya Kimataifa ya Jinai ya kuwachunguza raia wa Israeli. Basi dola iliyokuwa ikizitolea nchi nyingi mali ili watu wadai haki zao, iliwaadhibu watu kwa kudai haki zao. Aonaye haya akaingiwa na shaka, hatuwezi kumwambia kuwa shaka yake haina msingi.

Hoja ya pili ni heshima ya nchi. Wasema kuwa kumshitaki mtawala wetu mbele ya hakimu wa kigeni ni kumrudisha mkoloni kwa mlango wa uani, baada ya kumtoa kwa mlango wa mbele kwa damu na jasho.

Hoja ya tatu ni uharibifu wa vyama vyenyewe. Wasema kuwa mali ya mbali huzaa watu ambao dhulma ni riziki yao: hukutana katika mahoteli, huandika taarifa kwa Kiingereza ambacho aliyedhulumiwa hakisomi, na hujua anwani ya mfadhili kuliko wanavyoijua njia ya kwenda kwa mjane.

Haya ndiyo maneno yao. Sasa twayatazama moja moja.

Juu ya hoja ya kwanza twasema: ni kweli kwa nusu. Nia ya mtoaji yafaa ichunguzwe, lakini anayeichunguza nia ya mmoja na achunguze nia ya wote. Tazameni mambo ya Lamu. Mwaka 2012 wakazi wa huko walifungua madai kuhusu bandari mpya iliyokuwa ikijengwa katika bahari yao, nayo ilijengwa na kampuni ya Uchina. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahkama Kuu ilitoa hukumu kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kisha kulikuwa na mradi wa kinu cha umeme cha makaa ya mawe, cha megawati 1,050, ambacho benki ya Uchina ilitazamiwa kukikopesha. Mwezi wa Juni 2019 baraza la kuamua migogoro ya mazingira lilifuta leseni yake, na katika siku hizo hizo balozi wa Marekani alijitokeza hadharani kuutetea mradi ule. Basi mgeni alikuwako katika bandari, alikuwako katika makaa, na alikuwako katika maneno ya kuyasifu makaa. Hapana aliyemwita mhandisi kibaraka. Lakini mvuvi alipopata wakili kwa msaada wa vyama vyenye wafadhili wa ng'ambo, ghafula neno "mgeni" likawa tusi.

Twasema zaidi. Polisi ya nchi yetu imepata mafunzo na zana kutoka Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, wala jambo hilo halikufanywa siri. Ikiwa mkono unaokamata waweza kulishwa na mgeni bila ya aibu, kwa nini ulimi unaouliza "mmemweka wapi?" ukilishwa na mgeni uwe umeuza nchi? Asemaye kuwa mali ya kigeni ni haramu kwa mnyonge na halali kwa mwenye nguvu, huyo hakatazi mali ya kigeni. Akataza mnyonge asiwe na nguvu.

Na tumeona yatokeayo pale watawala wanapoufunga mfereji huo. Katika Ethiopia, sheria ya mwaka 2009 ilisema kwamba chama kinachopata zaidi ya sehemu 10 katika 100 ya mali yake kutoka nje kisishughulike na haki za binadamu. Baraza la Haki za Binadamu la Ethiopia, lililokuwa na ofisi 12, likabaki na 3. Haikuwa kwamba Wahabeshi walipata chama kingine, chao wenyewe, kisicho na doa. Walipata kimya, na kimya hicho kilidumu mpaka sheria ile ilipoondolewa mwaka 2019. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2013 uliletwa Bungeni mswada wa kuweka kikomo cha sehemu 15 katika 100, na Bunge likaukataa mwezi wa Desemba mwaka huo. Lau ungalipita, hatujui mama yule angalikwenda wapi siku ya kumi na tano. Sisi, tuliokuwa na shilingi 11,300 mkononi, hatuna ulimi wa kusema kuwa angalikuja kwetu.

Wala haitupasi kusahau ya mwaka 2015. Tarehe 2 Aprili mwaka huo wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi Wakristo waliotengwa na wenzao kwa dini yao, kisha wakauawa. Ni dhulma ambayo kila Mwislamu mwenye imani aliikana. Siku chache baadaye serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika yaliyoshukiwa kusaidia ugaidi, na ndani yake mlikuwamo MUHURI, chama cha Waislamu cha haki za binadamu kilichoundwa Mombasa mwaka 1997, na Haki Africa. Hesabu zao za benki zikafungwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mahkama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe. Miezi ile waliyofungiwa ilikuwa miezi ambayo kazi yao ilitakiwa kuliko wakati wowote. Aliyeufunga mlango alisema ni kwa ajili ya mali mbaya. Hakimu alipotazama, hakuona sababu ya mlango ule kufungwa.

Juu ya hoja ya pili, ile ya kumshitaki mwenyeji kwa mgeni, twawakumbusha ndugu zetu jambo wanalolijua tangu chuoni. Katika mwaka wa tano tangu Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, apewe Utume, Waislamu wa Makka walioteswa na jamaa zao wenyewe walihamia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, kwa kuwa ilijulikana kwamba kwake hadhulumiwi mtu. Makureshi wakawapeleka Amr bin Al-As na Abdallah bin Abi Rabia pamoja na zawadi za ngozi nzuri. Kwanza waliwapa mapadri, mmoja mmoja, ili wamshauri mfalme awatoe wale wakimbizi bila ya kuwasikiliza. Mfalme akakataa kuhukumu kabla ya kusikia. Akamsikia Jaafar bin Abi Talib, kisha akaamuru zawadi zirudishwe.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili vizuri. Aliyeileta mali ya nchi nyingine ili kuipindua haki alikuwa mwenye nguvu. Aliyekwenda kwa mahkama ya ugeni alikuwa mnyonge. Na mfalme alipotaka kuwa huru katika hukumu yake, aliirudisha mali. Basi kwenda kwa hakimu wa kigeni si aibu kwa aliyefungiwa mlango kwao. Aibu ni ya aliyeufunga.

Na katika tarikhi ya nchi yetu, jambo hili limetokea kwa namna ambayo wenye kuogopa ukoloni wangefaa waifurahie. Mwezi wa Juni 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua madai London juu ya mateso waliyoyapata katika makambi ya Waingereza siku za Hali ya Hatari. Walisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni chama cha wananchi wala si idara ya serikali, na mawakili wa Kiingereza. Kwa ajili ya madai yale, mwaka 2011 yakafichuka majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 2012 hakimu alisema kwamba kupita kwa miaka hakuwazuii wazee kusikilizwa. Na tarehe 6 Juni 2013 waziri wa Uingereza alisimama katika Bunge lao akaeleza majuto, ikakubaliwa itolewe paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za madai, kwa watu 5,228. Mahkama ya mgeni ilitumiwa kumshitaki mgeni mwenyewe. Nani atasema kuwa wazee wale walimrudisha mkoloni?

Walakini tusiseme ya kupendeza tu. Madai mengine ya watu wapatao 40,000, yaliyofuata njia ile ile, yalikataliwa London mwaka 2018, na wengi wa wazee wale wakarudi na mikono mitupu. Na baada ya uchaguzi wa 2007, uliofuatwa na vifo vya watu zaidi ya 1,100, mashitaka ya viongozi wetu yalipelekwa Mahkama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Ya mmoja yakaondolewa mwezi wa Desemba 2014, ya wengine yakakoma mwezi wa Aprili 2016, wala hapana hata mmoja aliyehukumiwa kwa damu ile. Funzo tulipatalo ni hili: mahkama ya mbali yaweza kusaidia pale watu wa nyumbani wamekwisha kusimama pamoja, na mashahidi hawana khofu. Pale nyumbani pamegawanyika, hakimu wa mbali hawezi kutujengea umoja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Sasa twairudia hoja ya tatu, nayo ndiyo tuionayo kuwa ya kweli kuliko zote, ijapokuwa waisemao huisema kwa mzaha. Khatari ya mali ya kigeni si ugeni wake. Khatari ni kwamba humnyang'anya mpokeaji neno dogo kuliko maneno yote, nalo ni neno "la". Mama yule hakuweza kumwambia la aliyemsaidia. Chama nacho hakikuweza kumwambia la aliyekilipa. Pengine wale wa Ulaya nao hawakuweza kuwaambia la wakubwa wao waliotaka picha. Basi uso wa mwanamke wa Kiislamu ukapita mikono mitatu, na hapana hata mmoja aliyemdhulumu kwa makusudi.

Tumeisoma khabari ya yule mtumishi aliyepelekwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi akaitenga mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na fungu hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa babake na mamake, akaona kama zawadi ingemjia. Hatukuambiwa kuwa zawadi ile ilikuwa ya kuibwa. Kosa lake lilikuwa hili, kwamba ilikuja kwa ajili ya kazi, na zawadi ijayo kwa ajili ya kazi huigeuza kazi hata mwenyewe asipojua. Kwa hiyo mizani yetu ni hii: mali yoyote, ya Mzungu, ya Mwarabu, ya Mchina au ya tajiri wa mtaani petu, ikiwa yamwacha mpokeaji aweze kusema la, ni msaada. Ikiwa yamwondolea uwezo huo, ni hatamu, hata itolewe na Mwislamu mwenye kusali tahajudi.

Kwa mizani hiyo twaona masharti manne.

La kwanza: chama kisiwe na mlango mmoja wa riziki. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa waraka mmoja, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Watu waliokuwa wakisaidiwa katika nchi za mbali hawakuwa wamekosa neno. Waliamka tu wakakuta mfereji hauna maji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse anayetegemea cha asiyekuwa nduguye!

La pili: daftari liwe wazi. Chama kiseme kimepata nini, kutoka kwa nani, na kwa shuruti gani, na kiyaseme hayo kwa Kiswahili, mahali ambapo mvuvi na mjane wataweza kuyasoma au kusomewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa kuwa sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyotiwa sahihi mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, vyama visingoje kulazimishwa na msajili. Siri ndiyo inayompa mtawala kisingizio.

La tatu: mwenye kesi ni aliyedhulumiwa. Ni yeye atakayesema tuendelee au tusimame, tupatane au tusipatane, na picha itoke au isitoke. Na aulizwe kabla hajasaidiwa, si baada ya kusaidiwa, kwani aliyekwisha kusaidiwa ameona haya. Chama kisichoweza kungoja idhini ya mama, kisiseme kuwa chadai haki za mama.

La nne: haki isichague mtu. Kabla ya Utume, mfanyi biashara wa Zabid katika Yaman alidhulumiwa mali yake Makka na mmoja wa wakubwa wa mji. Watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Mtume wetu alihudhuria kiapo kile akiwa kijana, na baada ya Uislamu alieleza kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika. Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu. Walikuwa watu waliochukia dhulma. Basi chama kipimwe hivi: je, chaweza kulitaja kosa la nchi inayokilipa? Na sisi nasi tujipime hivi: je, tungechanga kwa ajili ya wakili wa Mkristo aliyedhulumiwa na mmoja wetu? Asiyeweza kujibu ndiyo, asiwalaumu watu wa Ulaya kwa kuchagua.

Haya ni masharti ya vyama. Lakini hatuwezi kuufunga ukurasa huu bila ya kujigeukia wenyewe, kwa maana lawama nyingi zaidi ni zetu.

Lile shirika la Ulaya lililomlipa wakili, asili yake ni mali ambayo mtu aliitenga ili pato lake litumike katika kheri baada ya kufa kwake. Ndugu zetu, jambo hilo sisi twaliitaje? Twaliita wakf. Wazee wetu wa pwani waliacha minazi kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti, visima kwa ajili ya wapita njia, nyumba kwa ajili ya khitma. Walitazama haja za zama zao wakazitengea mali. Zama zetu zina haja nyingine: mtu achukuliwa usiku, na asiyekuwa na wakili hana anayemuulizia. Ni wakf ngapi zilizowekwa katika miaka 50 hii kwa ajili ya wakili wa mnyonge? Sisi katika mtaa wetu hatuijui hata moja. Na juu ya zaka, wanazuoni wa kale walizungumza khabari ya fungu la kuwakomboa walio katika utumwa, na wako waliolitanua hata likawaingiza mateka. Twawaombea masheikh wetu watufunulie: je, kijana aliyefichwa asijulikane alipo, hayumo katika maana hiyo? Hatusemi hukumu, twauliza, na twataka jawabu.

Wala si mtaa wetu peke yake. Tarehe 11 Novemba 2019 aliyeishitaki Myanmar mbele ya Mahkama ya Kimataifa ya Haki, kwa ajili ya Waislamu wa Rohingya, alikuwa Gambia, nchi ndogo na maskini, kwa kuungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu yenye nchi 57. Na tarehe 23 Januari 2020 mahkama ile iliiamuru Myanmar iwalinde watu wale. Ndani ya nchi 57 mna zenye mafuta, zenye majeshi na zenye majumba marefu yanayoyagusa mawingu. Aliyejitokeza ni Gambia. Maskini huyu ametufunza kuwa uchache wa mali si udhuru, na sisi tumejifunza kinyume chake, kwamba wingi wa mali si ushujaa.

Basi rai yetu ni hii. Hatumkatazi mjane kuyapokea maji ya kisima chochote nyumba yake inapowaka. Atakayemkataza, amletee ndoo yake kwanza. Wala hatuvikatazi vyama kupokea mali ya ng'ambo kwa masharti tuliyoyataja. Lakini twasema kuwa kila shilingi ya mgeni inayotumika kumtetea jirani yetu ni ushahidi juu yetu, kwamba tulikuwako na hatukutoa.

Darsa yetu imeanza na lililo dogo. Tumeweka sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao imamu, wa pili anao mama yule mjane, naye amekubali baada ya kuulizwa mara tatu na kuambiwa kuwa yu huru kukataa. Hesabu husomwa hadharani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mwezi uliopita zilipatikana shilingi 23,400. Ni chache, na zulia letu bado laramba miguu yetu kwa ulaini wake kila tusujudupo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na siku atakaposimama mlangoni mama mwengine, twataka awe na mlango wa pili wa kubisha, ili akienda kwa wageni awe amekwenda kwa kuchagua, si kwa kukosa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimamia uadilifu hata juu ya nafsi zao. Naye ndiye ajuaye zaidi.